Kovu Alivyorudi Makongeni

Ilikuwa ni sauti ya goti. Nilikuwa kwangu Umoja nachambua mchicha, wajukuu wangu wamejaa mbele ya televisheni wanatazama muvi mpya ya kupigana, ile walikuwa wanaingoja mwaka mzima. Mzee mmoja mle ndani akainuka kwa kiti aende kuokoa dunia, goti likalia ka, halafu akatoa mguno, aaah, ule ule mimi natoa nikiamka kwa stuli. Nikajua huyu ni rika langu, hata apake nywele rangi namna gani.

Wajukuu walikuwa wamenuna. Walitaka mashujaa wao wa zamani wote warudi, na kweli wote walirudi, lakini walirudi na vitambi. Mtu anakimbia kidogo, kabla hajahema tunaonyeshwa gari. Brayo, mkubwa wao, huongea kama ana kiazi moto mdomoni. Akaniambia, "Shosho, hawa mabuda wanapigana wakiwa wamekaa." Halafu mle ndani ya muvi mwingine akatokea mlangoni na bunduki begani, Brayo akashika kichwa. "Zii. Si huyu alidedi ile ya kwanza?"

Mchicha ukanitoka mkononi. Maana maneno kama hayo, ya mtu aliyekufa kurudi, niliyasikia nikiwa mtoto, na aliyekuwa anaambiwa ni baba yangu.

Sisi tulikaa Makongeni, kwa nyumba za reli. Baba alikuwa na kazi ya kuunganisha mabehewa, mikono yake inanuka grisi hata akioga mara ngapi. Lakini Jumamosi mchana alikuwa mtu mwingine kabisa. Kwa holi ya mtaa walikuwa wanaleta filamu, wanaziba madirisha na blanketi, na baba anasimama kando ya shuka jeupe ameshika maiki anatupatia maneno. Filamu ni ya Kizungu, na sisi Kizungu tulikijua vile ng'ombe anajua redio. Baba naye hakukijua, sasa nasema tu kwa sababu yeye hayuko wa kunichapa. Alikuwa anatunga. Kila mzungu kwa lile shuka alipewa jina, na akapewa sauti ya mtu tunamjua. Kamanda wao aliongea kama msimamizi wa yadi, kwa mapua: "Nyinyi watu, nyinyi watu, mimi nitalala hapa na nyinyi?" Holi nzima inaanguka, na msimamizi mwenyewe ameketi pale mbele anacheka, hajui ni yeye.

Na kulikuwa na mmoja mwenye alama ya kisu shavuni, tukimwita Kovu. Huyo baba alimpa sauti ya Odongo.

Odongo alikuwa rafiki wa baba, zamu moja, sufuria moja ya chai. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole, kama mtu anasukuma kabati. Hakuweza kunipita kwa mlango. "Wambui, nyathina, umekula?" Nyathina ni mtoto wangu, kwa lugha ya kwao. Nikisema nimekula, ananipa mkate hata hivyo.

Asubuhi moja Odongo alibanwa na mabehewa, akafa. Jeneza lake likapakiwa kwa treni ya kwenda kwao. Baba akaomba ruhusa aende kuzika mwenzake, akanyimwa, eti yadi haina watu. Na zamu ikamwangukia yeye kupunga bendera ya kijani, ile treni iondoke. Hayo niliyasikia watu wakubwa wakiyasema jikoni, nikatoka nikaenda kuruka kamba. Mtoto ni mtoto.

Haukupita muda, Jumamosi moja ikaletwa sehemu ya mwisho ya ile filamu, tukaonyeshwa Kovu akianguka kutoka kwa daraja, pwaa, mtoni. Hapo baba akatuambia amekufa. Na hakuishia hapo. Filamu iliendelea, farasi wanakimbia, watu wanacheza karata, lakini baba kwa maiki alikuwa bado anazika. Alimwosha Kovu, akamvalisha, akamwita kwa majina ya sifa, akaomba udongo uwe mwepesi juu yake. Wanawake walilia wakatumia leso zote. Mama Zuhura, jirani yetu wa kutoka Mombasa, alikuwa amenipakata. Akajipangusa macho akasema, "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia." Mimi nikashangaa, hapa mfiwa ni nani, na huyu ni mzungu wa kwa shuka?

Miaka ikapita, nikawa msichana wa kutumwa dukani. Baba naye akapata kikohozi. Vijana waliosoma wakaanza kulalamika kwamba huyu mzee anawapigia kelele, wao wanataka kusikia filamu yenyewe. Ndipo ikaja habari kwamba filamu ya pili ya akina Kovu inakuja. Karani wa holi, mwembamba, sauti kama mlango wa bati, akaja mpaka kwetu. "Mzee, ukiwashika watu na hii, unabaki. Ikiharibika, Jumamosi ijayo filamu itajisemea yenyewe." Baba akapiga shati lake pasi ya makaa asubuhi yote.

Wacha niwaambie, ilikuwa filamu mbaya. Wale wanaume walikuwa wamezeeka. Kamanda alipandishwa farasi na watu wawili. Wanaketi wanaongea, wanaketi tena. Baba anawasukuma kwa mdomo kama anasukuma gari limekwama, anakohoa, anatia vichekesho, watu wakaanza kumrudia polepole. Hata vijana walicheka. Nikaanza kupumua.

Halafu mlango ukafunguka pale kwa shuka, akaingia Kovu. Mnene, ndevu nyeupe, alama shavuni pale pale. Akafungua mdomo akaongea.

Baba hakusema kitu.

Kovu anaongea, anacheka, anashikana mikono na wenzake, na maiki kimya. Mtu wa nyuma akaita, "Baba Wambui, si huyo tulimzika?" Mwingine akasema arudishiwe machozi yake. Holi ikacheka, viti vikagongwa, karani akasimama kwa mlango amekunja mikono. Na mimi nimeketi mbele kabisa, ile sauti nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeishika kooni nzima nzima, ile ya kusukuma kabati. Nilitaka kumwambia, baba, sauti ni hivi, kwani umeisahau? Lakini msichana anaenda wapi mbele ya watu? Nikabaki namtazama tu.

Akageukia shuka, akatupa mgongo. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, "Umerudi." Akaweka maiki chini kwa simiti, taratibu, vile unaweka yai. Filamu ikajisemea mpaka mwisho.

Sauti yake haikusikika tena kwa holi ile. Mimi nilimkasirikia miaka mingi, kwamba alishindwa na sauti hata mtoto angeiweza. Mpaka nikafiwa na mume wangu, na siku moja mjukuu akaniambia, Shosho, tuigizie Guka, yaani babu yao. Mimi, ambaye naigiza mpaka chifu. Nikafungua mdomo, hakukutoka kitu. Ndipo nikaelewa baba hakuwa amesahau.

Sasa Brayo akapunguza sauti ya televisheni. "Shosho, hii imetuboo. Waongeleshe wewe." Nikawapa Kamanda kwa mapua, wakacheka mpaka chini. Kisha akaja yule wa mlangoni, aliyekuwa amekufa, akatutazama kwa kioo, midomo ikacheza. Watoto wakaningojea.

Nikaitafuta ile sauti ya kusukuma kabati. Ilikuwa bado iko pale.

"Wambui," nikasema, polepole, "nyathina. Umekula?"

Hakuna aliyecheka. Brayo akaniuliza huyo ni nani.