Injini Iliyolia Ikiwa Imezimwa

Tuwekeane dau: hakuna hata mmoja wenu atakayeamini hii. Shauri yenu. Mimi nilikuwepo, na bila mimi gereji nzima ingepasuliwa injini bure.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi magari. Tunamwita Rada. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana sikio la kushoto, anafumba macho. "Beringi ya oltaneta." Unafungua dude hilo la kuchaji betri, kweli ndiyo, gololi za beringi zimelika. Mimi ni fundi rangi hapohapo. Shule niliacha darasa la tano, walimu wakapumzika, lakini kwa mdomo hakuna wa kunigusa.

Basi Rada akaanza kuharibika. Kila gari, beringi. Pikapu ya muuza mbao, beringi. Teksi, beringi. Anafungua, anakuta beringi nzima, inang'aa kama meno ya mtoto. Anafunga, anasikiliza, bado inalia. Anafungua tena. Hakai chini, chai inapoa, anazunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutaga. Na akigeuka ghafla anapepesuka, anadaka boneti.

"Shemeji, siku hizi unakunywa asubuhi?"

"Nyamaza wewe, nasikiliza!"

Mwenye teksi akasema anahamia kwa fundi mwingine. Hapo nikachoka. Rada kainama, macho kafumba, kompresa yangu ya rangi inanguruma pembeni. Nikapenyeza mkono, nikazima teksi.

"Bado inalia?" nikampigia kelele.

"Inalia! Wiii, hii ndiyo yenyewe..." Akafumbua macho. Mkono wake ulishahisi bisibisi haitetemeki.

Gereji ikaangua kicheko, mimi wa kwanza. Yeye akahamishia mpini sikio la kulia: hamna kitu. Akaitupa bisibisi chini kabisa, akaziba sikio la kushoto kwa kiganja. Uso ukambadilika.

"Shemeji," akasema, "inalia humu ndani."

Dada akampeleka hospitali, nami nikafuata kumshikilia asikimbie. Akapimwa usikivu, kisha akaingizwa kwenye mashine ya kupiga picha kichwa, inagonga kama fundi bati mwenye hasira. Daktari, mama mmoja mtaratibu, akatuonyesha kidoa cheupe.

"Huu ni uvimbe, uko kwenye neva ya kusikia na ya kushika mizani ya mwili. Si kansa, hausambai. Hukua polepole, mwingine haukui kabisa. Ndio unaokupigia huo mlio na kukupepesua."

Rada alishasimama. "Utoe."

"Umelala jirani na neva ya uso. Tukiutoa, sikio hilo linaweza kufa kabisa, na uso ukalegea upande mmoja. Bado ni mdogo. Tuuchunge, tupige picha nyingine baada ya miezi sita. Ukikua, kuna mionzi, kuna upasuaji."

"Daktari, beringi mbovu mimi siichungi. Natoa."

"Mume wangu, wewe si pikapu," dada akamwambia. "Kaa."

"Na sura yenyewe ndiyo hiyo, shemeji," nikachomekea. "Wakiilegeza, dada atakukana getini."

Akacheka kidogo, akakaa, akakubali kusubiri.

Kusubiri gani sasa! Nyumbani anatembea sebuleni akipapasa ukuta, anawasha redio, anazima, anawasha. Ukimsemesha kushoto hageuki. Kazini anasikiliza kwa sikio la kulia, anasita, machozi yanamlengalenga. "Nikikosa sikio, mimi fundi wa nini?" Kila siku ananiuliza, kila siku nambonda bega: "Tulia! Uvimbe ukilala, sikio linarudi. Nakuapia mimi."

Picha ya pili ikatoka. Uvimbe haujakua hata chembe. Dada akalia kwa furaha. Rada akauliza moja tu: "Na kusikia?"

"Kilichopotea kwenye neva hiyo, kwa kawaida hakirudi," daktari akajibu. "Kazi yetu ni kuendelea kuuchunga."

Rada akanitazama. Mimi, mwenye mdomo wangu wote, nikatazama viatu.

Sasa anatumia la kulia, na juzi kaipata beringi mbovu, ya kweli, baada ya kuzunguka gari mara nyingi mno. Bado hakai chini. La kushoto nilimwapia litarudi. Nilikosea. Halikurudi.