Makopo Kumi na Moja Juu ya Friji

Tarehe 4 Machi 2019 mwanamke mmoja alisaini mkataba wa kuandika programu. Chini ya sahihi yake ikakaa ya mdhamini wake, shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa akifanya kazi hapohapo. Tangu siku hiyo shemeji hakuchoka kumkumbusha nani alimfungulia mlango.

Kazini waliitana majina ya utani, na lake lilikuwa Mama Kufuli. Programu yao ilipitisha ujumbe wa hospitali. Nyuzi arobaini, yaani kazi zinazokwenda sambamba, zilipokea. Arobaini nyingine zilituma. Kila uzi wa kupokea ulikuwa na rafu yake ya vipande vya kumbukumbu. Ulichukua kipande, ukaandika ujumbe ndani yake, ukakikabidhi kwa uzi wa kutuma. Ujumbe ukishaondoka, kipande kilibaki kitupu mikononi mwa asiye mwenyewe, na kilipaswa kurudi rafuni. Upande wa kugawa aliuandika yeye. Mwanzoni aliweka kufuli moja kwa nyuzi zote, zikapanga foleni, naye akapata jina. Upande wa kurudisha aliuandika shemeji.

Kwa miezi mitatu mashine ikawa inaishiwa kumbukumbu kila alasiri na kuzima.

"Mama Kufuli, imelala tena," shemeji alisema mbele ya ofisi nzima, mguu juu ya mguu. "Unagawa kama shamba la bibi."

"Nagawa vipya kwa sababu rafu ni tupu. Vya zamani viko wapi?"

"Usiniulize mimi. Kwangu kumepimwa."

Mkuu wa kitengo hakupenda kelele. Aliandika barua ya mistari miwili: upande utakaothibitika kuwa na kosa, mwenyewe ataondoka mwisho wa mwezi.

Jumapili Mama Kufuli alikula kwa dada yake. Akitafuta sahani, alifungua kabati la juu ya friji akakuta makopo yake ya plastiki, yale anayowaletea chakula, kumi na moja, yameoshwa na kupangwa. Mwezi uleule alikuwa amenunua mapya.

"Dada, haya si yangu?"

"Yako. Shemeji yako kasema yatimie kumi na mbili ndipo yarudi."

"Mtu mstaarabu harudishi kopo mojamoja," shemeji alidakia kutoka sebuleni. "Anarudisha dazeni."

Jumatatu alifungua msimbo wa shemeji, akausoma mstari kwa mstari. Kila uzi wa kutuma ulimwekea kila mwenye rafu fungu lake, na fungu halikurudi mpaka litimie vipande sitini na nne. Ujumbe mfupi ulijaza mafungu kwa dakika chache. Vipande vikubwa, vya picha za eksirei, havikufika sitini na nne kwa siku nzima. Vilikaa vikimsubiri mwenzao.

Jioni alimpigia dada yake, akamweleza alichokikuta.

"Mdogo wangu, mvuliwa nguo huchutama. Ukimvua yeye, tutakaochutama ni mimi na wanangu."

"Na nikifukuzwa mimi?"

"Wewe huna mtoto."

Aliyekata simu ni yeye, si dada.

Alhamisi, mkutanoni, alionyesha hesabu: vipande elfu thelathini na moja, vyote vitupu, vyote mikononi mwa nyuzi za kutuma. Kisha akachora kikapu nje ya mlango wa kila mwenye rafu. Anayemaliza anatumbukiza kipande papo hapo na kwenda zake, bila kufuli. Mwenye rafu akiishiwa, anazoa kikapu chote kwa mkupuo. Mchoro huohuo alikuwa ameuchora Novemba, na shemeji akaufuta ubaoni kwa kiganja: "Sisi si madobi."

"Ulijua hili?" mkuu alimuuliza shemeji.

"Kwa ujumbe mfupi inafanya kazi."

"Sikuuliza hilo."

Kwenye korido shemeji alimsubiri. "Fadhila ya punda ni mateke."

"Na nyani haoni kundule, shemeji."

Ijumaa dereva wa pikipiki aliacha boksi mapokezi. Ndani mlikuwa na makopo kumi na moja, bila mfuniko hata mmoja. Dada hakupokea simu.

Jumatatu saa mbili asubuhi programu yenye vikapu inawashwa kwenye mashine zote. Mwisho wa mwezi shemeji anakabidhi funguo za ofisi.