Anayeshika Antena

Shemeji yangu ni kinyozi, na kichwani mwake hana hata unywele mmoja. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Kipara. Mimi ndiye niliyemwoza dada yangu, kwa hiyo nina haki ya kumcheka ninavyotaka.

Kibanda chake ni kidogo. Kina kioo chenye ufa, kiti cha kuzunguka kimoja, benchi la wanaosubiri, na stuli chini ya rafu. Juu ya rafu hiyo ilikaa redio kaseti ya zamani, nzito kama tofali. Mlango wa kaseti uling'oka zamani sana, na antena yake ilivunjika kwenye shina ikafungwa kwa waya. Ukiiachia antena, redio inakoroma. Ukiishika kwa vidole viwili, mtangazaji anasikika vizuri kabisa.

Sasa sikiliza ujanja wa wateja wale. Aliyekaa kwenye stuli akishika antena ndiye anayefuata kunyolewa. Akiitwa kitini, anampa antena mwenzake na yule naye anahamia kwenye stuli. Hakuna aliyewahi kuipanga sheria hii, na hakuna aliyewahi kuigombania. Mkuu wa shule alishika, mbeba mizigo alishika, na mwenye antena ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kubishana na mtangazaji. Kelele zilizokuwa zikitoka mle ndani, we acha tu! Mimi nywele zangu hazikuwahi kupata nafasi ya kukua, kwa jinsi nilivyopenda kwenda.

Binti yake mkubwa alipoajiriwa uuguzi, kitu cha kwanza alichomnunulia baba yake ni spika mpya, inayowaka taa za bluu na kupokea muziki kutoka kwenye simu bila waya. Kipara alilia machozi, na simcheki kwa hilo. Kesho yake, ili spika ikae rafuni kwa heshima, akaipeleka redio kwa fundi wa jirani. Fundi akaichukua kwa ajili ya vipuri, na badala yake akamnolea Kipara mashine zake za kunyolea. Wote wawili wakaona wamepata.

Jumamosi iliyofuata nilikuta kibanda kizima kimeinamia simu. Spika ilikuwa inapiga muziki mtamu ambao hakuna aliyekuwa anausikiliza. Kiti kilipobaki wazi, dereva na mwalimu walisimama kwa pamoja.

"Mimi ndiye ninayefuata," alisema dereva.

"Unafuata wapi, bwana? Umenikuta hapa!"

"Nimekukuta unalala!"

Walirushiana maneno mpaka mwalimu akaondoka amenuna, akavuka barabara kwenda saluni mpya ya vioo virefu. Wiki iliyofuata wakavuka wengine. Kipara alibaki anafagia sakafu isiyo na nywele. Kibanda kile ndicho kilichowasomesha watoto wake, na niliona kabisa kwamba ameingiwa na hofu.

"Kairudishe redio," nikamwambia.

"Shemeji, mtoto kaninunulia kwa jasho lake. Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake inanifukuzia wateja?"

"Kwa hiyo unamwogopa mtoto uliyembeba mgongoni?"

"Simwogopi. Namwonea huruma."

"Basi funga kibanda, uje tumwonee huruma pamoja kwangu. Mimi nitakuazima benchi."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua mambo yamekuwa mazito.

Binti mwenyewe alikuja Jumamosi moja, na sare yake ya kazi, kuona spika inavyopendeza. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kiti cha wateja peke yake. Akatazama rafuni.

"Baba, redio yetu iko wapi?"

Kipara akaanza kujiumauma. Nikaona jioni itatukuta hajamaliza, nikamweleza mimi yote, kuanzia dereva na mwalimu mpaka fagio.

"Mjomba, imeniuma," akasema binti. "Nilitafuta spika hiyo maduka mengi. Lakini baba, unajua mimi nimekulia chini ya antena ile? Wateja wakikosekana, nani alikuwa anakushikia? Twende kwa fundi, na spika naipeleka kwa mama jikoni."

Tukatoka mguu kwa mguu. Fundi alituona kwa mbali, akafurahi kana kwamba alikuwa anatusubiri.

"Hii sikuichinja! Nilipoifungua niliona ni kosa kuivunja mashine nzima kama hii. Nimeichomelea antena, nimesafisha ndani. Sikilizeni!"

Akaiwasha, akainua mikono yote miwili juu. Mtangazaji aliongea bila mkwaruzo hata mmoja, na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Kipara akamsogelea fundi. "Ndugu yangu," akasema, "unaweza kuiharibu tena? Kidogo tu."

"Nini?"

"Ile antena. Kama ilivyokuwa."

"Kipara, nimeanza ufundi sina ndevu, sijawahi kutukanwa hivi!" Fundi alikasirika kweli. Akatusukumia redio yetu, akafunga dirisha lake dogo, na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Tuliirudisha rafuni ikiwa nzima, na Kipara akakaa akiitazama kama mgonjwa aliyepona kwa bahati mbaya. Binti alivuta stuli, akakaa, akanyoosha mkono akaishika antena kwa vidole viwili, kama zamani. Mimi nikakaa kitini, na baba yake akawasha mashine.

Dereva akachungulia mlangoni. Alimtazama binti, akatazama antena.

"Wewe ndiye unayefuata, dada?"

"Mimi nimekushikia tu. Njoo."

Dereva akaingia, akapokea antena, akaketi kwenye stuli na kuanza papo hapo kumbishia mtangazaji wa michezo. Nyuma yake niliona kwenye kioo chenye ufa mtu anavuka barabara kuja kwetu, amenuna bado. Alikuwa mwalimu. Alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya kujikaza:

"Nani ameshika?"

"Mimi hapa," dereva akajibu. "Kaa karibu, nitakupa wewe."

Mwalimu akakaa. Redio ilikuwa inasikika safi kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia dereva aiachie.