Bukini wa Fulana ya Miaka Arobaini

Noreen Tierney alimwota bata bukini Jumapili asubuhi, katika ule usingizi mtamu wa mtu asiye na pa kuwahi. Theluji ilikuwa imetanda, lango liko wazi, na bukini akalipita taratibu kwa miguu, wa kushoto akiuburuta, kama mwenyeji anayekwenda zake. Alipoamka aliujua mwendo ule. Ulikuwa wa dada yake Delia, aliyechechemea tangu utoto hadi walipomzika mwaka uliopita. Akamchora yule bukini kabla hajanawa uso.

Kazi yake ilikuwa kufungasha. Pale Boston, katika ofisi ya chama kinachopigania programu huru za kompyuta, ndiye aliyetia fulana, vikombe na beji kwenye vifurushi na kuvituma kwa wanachama duniani kote. Chama kilikuwa kinatimiza miaka arobaini na fulana ya sherehe haikuwa na picha, maana wajuzi wale wa kompyuta hata rangi ya kitasa huigombania wiki nzima. Noreen alipobandika mchoro wake ukutani, ajabu, hakuna aliyepinga.

"Ni huyuhuyu," alisema Anselm, mkuu wa ofisi. "Anatoka zake wala haombi ruhusa. Ila mila yetu unaijua, dada."

Aliijua. Chochote cha chama, iwe programu au picha ya kikombe, hutolewa kwa watu wote: atakaye akinakili, akibadili, hata akiuze.

"Wabadili vyote," Noreen alisema. "Mguu tu wasiuguse."

"Tukizuia mguu leo, kesho mwingine atazuia bawa. Tutakuwa walewale tunaowapigia kelele."

"Anselm, huyo ni Delia."

Anselm aliubandua mchoro ukutani akampa. "Basi mrudishe nyumbani. Hatakulaumu mtu. Tutaweka maandishi matupu."

Akamrudisha, akamweka kwenye droo. Siku zile alitembea sana kando ya mto, bukini wa kweli wakimpisha kwa maringo, na ukungu wa asubuhi ukamfanya asijue vizuri kama yuko macho. Aliogopa mkono wa mtu baki juu ya mguu ule, kwani ndio uliokuwa umembakia wa dada yake. Lakini kila akifungua droo alimkuta amelala chali gizani, na hilo nalo likamuuma. Mwishowe akampeleka ofisini mwenyewe.

"Maji ukiyavulia nguo," alimwambia Anselm, "huna budi kuyaoga."

Fulana zikachapwa. Akizikunja alihisi ndoto bado inaendelea na yeye anamsindikiza Delia, huyu Lisbon, huyu Osaka, miji ambayo wao ndugu wawili hawakuwahi kuikanyaga.

Siku ya sherehe majani yalikuwa yamewiva mekundu, na ukumbi ulinukia juisi ya moto ya tufaha. Akaja Thaddeus, jibaba la ndevu kutoka Worcester, mwanachama wa siku nyingi ambaye hajawahi kuona kosa akalipita. Alifungua koti lake akitabasamu, ndani amevaa fulana ya bukini.

"Bi Noreen, nimekurekebishia. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda, nimeunyoosha. Picha mpya nimeirudisha chamani, iwe ya wote."

Kwa watu wale hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo: kukuta kosa la mwenzio, kulitengeneza usiku kucha, kisha kumrudishia bure. Noreen alilijua hilo, na bado alitikisa kichwa.

"Halikuwa kosa," alisema. "Dada yangu ndivyo alivyotembea. Amekufa."

Uso wa Thaddeus ukamshuka. "Mungu wangu. Naifuta leo hii, mama. Nisamehe." Akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Ngoja. Fungua nimwone."

Akafungua. Bukini alikuwa anatoka langoni kwa miguu miwili mizima, mwepesi, kifua mbele. Delia, ambaye maisha yake yote watu walimsubiri kwenye kona huku wakitazama saa. Delia, aliyekaa kitini harusini kwake wengine wakicheza. Machozi yakamtoka Noreen, hakuyajali.

"Usiifute," alisema. "Mimi ndugu yake, hata ndotoni sikuwahi kumpa mguu mzima. Umempa wewe usiyemjua."

Akamwomba asimame hivyohivyo, koti wazi, ili yeye amtazame Delia tena kidogo.