Gunia la Simbi

Mimi ndiye niliyeandika barua ya kuagiza simbi. Nalisema hili mwanzoni kabisa, maana shangazi yangu bado huwaambia watu kwamba kosa lilikuwa lake.

Nilikuwa mwalimu mpya pale Gongoni, Tabora, siku zile tulipoitana ndugu hata kwenye foleni ya sukari. Afisa utamaduni alitukusanya uwanjani, akatangaza kwamba tamasha la sanaa la mwaka ule litakuwa la kuilinda bahari. Huko pwani wavuvi walikuwa wakiua samaki kwa baruti, na matumbawe ambamo samaki huzaliana yakigeuka kifusi. Kikundi kitakachoshinda kitapelekwa pwani kwa treni, kiwaimbie wavuvi wenyewe.

Watu walicheka. "Bahari! Sisi hata kisima kinatukaukia."

Shangazi hakucheka. Baba yake, babu yangu, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora hadi pwani, akarudi na mkanda mmoja wa simbi, yale makombe madogo meupe ambayo wachezaji wetu hujifunga kiunoni. Alikufa akiisimulia bahari, na shangazi akazeeka akiitamani.

"Nikifika," aliniambia, "nitaweka mguu pale alipoweka yeye. Basi. Sitaki kingine."

Akatunga wimbo. Aliyeelezwa bahari kwa mdomo tu alitunga wimbo ambao hata mimi, mwenye kusoma vitabu, niliunakili daftarini: Wewe unayevunja nyumba ya samaki, usiku utalala katika nyumba ya nani?

Wanawake kumi na wawili waliufanyia mazoezi uani kwetu. Kasoro ilikuwa moja tu: mikanda yao ilikuwa imechakaa, simbi zimedondoka. Mchezaji asiye na simbi, kwetu, ni kama bibi harusi aliyekuja na nguo za shamba. Ndipo nikaandika barua. Mhindi mwenye duka la vitambaa alikuwa na mpwa wake pwani, na mpwa akatutumia gunia zima kwa treni.

Siku lilipofika, mwenye duka alitusubiri barabarani, kitambaa puani.

"Mama, chukua mzigo wako! Tangu asubuhi sijapata mteja hata mmoja!"

"Shida nini?" shangazi akauliza. "Mmenifungia samaki?"

Tulilifungua pale pale kibarazani. Simbi zilikuwa nzuri ajabu, zina madoadoa, zimeng'aa kama zimepakwa mafuta. Lakini zilinuka. Shangazi akachukua moja, akaigeuza. Katika ule ufa wake, kama kati ya midomo miwili, kulikuwa na kitu cheusi kilichokauka.

"Hii ni nini?"

"Mwenyewe huyo," akasema mwenye duka, aliyezaliwa pwani. "Konokono. Hiyo ni nyumba yake, mama. Wanamtoa baharini mzima, anafia humo. Hukujua?"

Hakujua. Hata mimi sikujua. Sisi wa bara tulidhani simbi huokotwa ufukweni kama kokoto mtoni. Miaka yote tumejifunga viunoni kitu tusichojua kama kiliwahi kuishi.

Shangazi alirudi nyumbani na ile simbi kiganjani, mimi na gunia nyuma yake. Wachezaji walipokuja jioni walimshauri wazioshe, wazianike, wacheze. "Walishakufa, dada. Ukizikataa watafufuka?"

"Nitasimama mbele za watu niimbe hivyo," akajibu, "nikiwa nimevaa nyumba za watu?"

Akaingia ndani, akatoka na mkanda wa baba yake. Akakata uzi kwa meno. Nilitaka kumzuia, uzi ulishakatika. Akampa kila mwanamke simbi moja ya zamani, "ya kumkumbuka mwenye nyumba, si ya pambo," aishone kwenye kitambaa cha kichwa, na yake ya kumi na tatu akaifunga shingoni. Hivyo ndivyo walivyocheza, viuno vitupu.

Kati ya waamuzi alikuwamo Mzaramo mmoja kutoka pwani, mtani wetu basi, kama walivyo Wazaramo wote kwa Wanyamwezi tangu enzi za misafara. "Nyie Wanyamwezi," akapaza sauti, "kiunoni mmeibiwa au mmeweka rehani?" Uwanja ukacheka. Shangazi akaimba. Kicheko kikaisha ubeti wa kwanza.

Lakini mavazi nayo yalipewa alama. Kikundi cha Bukene, kilichojaza simbi hadi magotini, ndicho kilichoshinda. Sisi tulikuwa wa pili.

Asubuhi iliyofuata shangazi alinibebesha gunia hadi stesheni. Yule mwamuzi alikuwa amesimama kwenye jukwaa, akisubiri treni.

"Shikamoo, mtani," akasema yule bwana, kwa heshima safari hii.

"Marahaba. Nimekuletea mzigo." Akamweleza kilichomo. "Ukawamwage walikotoka. Najua hawatafufuka. Lakini wasioze Tabora, hapa si kwao."

"Mimi nibebe gunia linalonuka hivi? Siku mbili ndani ya behewa?"

"Baba yangu aliwabebea mizigo kwa miguu, miezi mitatu. Leo zamu yako, mpagazi."

Yule bwana alimtazama, akacheka mpaka akajipangusa macho, kisha akainama, akalitia gunia begani. Shangazi akafungua shingoni ile simbi ya kumi na tatu, akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati la yule bwana.

"Na hii?"

"Hiyo usiichanganye na zile. Hiyo ilikuwa ya baba; iweke majini taratibu, kwa mkono."

Treni ikaondoka. Njiani kurudi, shangazi alikuwa akinusa viganja vyake. Bado vilinuka bahari.