Nilisoma fizikia mtandaoni kwa jina la uongo, siku ya usaili nikaumbuka

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kampala na sijaongeza chumvi, ingawa chumvi ipo huko mbele.

Mimi ni askari wa getini kwenye jengo la maduka ya jumla, Kikuubo. Nalipwa kushuku watu. Nimekulia kota za jeshi, baba mwanajeshi wa kutoka kaskazini, kwa hiyo kuamini haraka sikufundishwa.

Umri unakwenda, nikataka kusomea ufundi wa sola kabla magoti hayajanisaliti. Chuo kimoja kikasema sawa, ila lete ushahidi kwamba fizikia ya mwanzo unaijua.

Fizikia yenyewe niliikimbia shuleni!

Nikakuta masomo ya bure mtandaoni, unajisomea kwa mwendo wako. Bure? Nikashtuka. Kikuubo ukipewa cha bure, shika mfuko wako. Nikajisajili kwa jina la Juma Simba, na mwaka wa kuzaliwa nikabuni. Nikajiona mjanja kweli.

Mwanzoni nilikuwa natazama video, natikisa kichwa, nabonyeza next. Naambiwa hongera, nasonga.

Siku moja nikajiuliza, hongera ya nini? Nikafunga simu nijieleze kasi na mchapuko, yaani kasi inavyobadilika, vinatofautianaje. Nikaishia kusema kasi ni kasi. Wakuu, mwizi alikuwa ndani, na ni mimi.

Kuanzia hapo kila dakika chache na-pause, nafunga simu, naandika kwenye daftari kama ripoti ya lindo: nini kimetokea, kimesukumwa na nini, kimekwenda wapi. Nikishindwa kuandika, narudi nyuma. Next siigusi.

Likaja somo kwamba kizito na chepesi vikiachiwa pamoja vinafika chini pamoja. Hapo nikasema huu sasa ni utapeli. Nikachukua pakiti ya chumvi na kipande cha sabuni dukani kwa Mama Neema, Mkongomani wa pale chini, nikapanda ghorofa ya pili, nikaviachia viangukie magunia matupu.

"Papa! Juu ya nini unatupa chumvi yangu?"

Vilifika pamoja. Nikarudia mara tatu, na mara ya tatu hata Mama Neema alikuwa anaangalia.

Basi nikamaliza masomo, nikapata cheti, nikaki-print. Siku ya usaili mwalimu, mama mmoja wa miwani, akaangalia cheti, akaangalia kitambulisho changu.

"Ssebo, hii Juma Simba ni nani?"

"Ni mimi, madam."

"Na huyu wa kitambulisho?"

"Ni mimi pia."

Akanisukumia cheti. "Hii siwezi pokea. Mimi nitajua aje kama ni wewe ulisoma?"

Miezi yote ile, halafu mlango nimejifungia mwenyewe. Nikamwomba aniulize chochote.

Akachukua kufuli mezani. "Nikiachia hii kufuli na hii karatasi yako, gani itafika mbele?"

"Kufuli. Lakini si sababu ya uzito, ni hewa inashika karatasi."

"Onyesha."

Nikakichukua cheti cha Juma Simba, nikakikunjakunja mpaka kikawa kama donge la ugali. Nikapanda kwenye kiti na ile kufuli, nikaviachia.

Vikagonga sakafu pamoja.

Iliniuma jamani, maana sijawahi kupata cheti kingine maishani.

Yule mama akaangalia sakafu, akaniangalia mimi, akatoa fomu. "Jaza. Na saa hii andika jina yako ya ukweli."

Nikamuuliza fomu hizi zinahifadhiwa wapi. Akanikazia macho tu mpaka nikaandika. Nimeshaanza masomo.

Nilichojifunza: mtandao ushuku, sawa, lakini jishuku na wewe unayetikisa kichwa mbele ya video. Funga simu, andika, kajaribu kwa mikono yako. Na jina weka lako.

Nyie mnaojisomea mtandaoni, mnajuaje kama kweli mmeelewa? Shusheni hapa tusaidiane. Ila asiniulize mtu kama jina ninalotumia humu ni la kweli.