Manjano Ndani ya Rejeta ya Baba Sakhri

Baba Sakhri wa Ghor Safi aliendesha malori ya nyanya mpaka mgongo ukamkatalia, na tangu astaafu hajapata kumwamini fundi yeyote. Marsedesi yake nyeupe ni kuukuu kuliko mwanawe Sakhri, na anaisifu mbele ya watu kuliko anavyomsifu huyo mwanawe. Huku kwetu bondeni, jua la Julai humfanya hata punda atafute ukuta, kwa hiyo kila mwenye gari ana dawa yake ya joto. Baba Sakhri anazo zote. Themostati aliing'oa zamani akaitupa, kwa hoja kwamba kifaa cha kuzuia maji yasipite hakina kazi katika nchi ya moto. Na rejeta ikivuja, huitilia manjano.

Manjano huziba, sikatai. Unga wake hukimbilia penye ufa, ukakwama hapo, na matone yakakoma. Nimeona gari likifika Akaba salama kwa kijiko kimoja. Lakini Baba Sakhri si mtu wa kijiko kimoja.

"Baba Sakhri, kopo langu la manjano liko wapi?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Gari limekula."

"Basi na chakula cha mchana kakiombe kwa gari. Mimi wali mweupe wa wagonjwa sipiki."

Baba Sakhri alinunua kopo jingine, akalimaliza nalo. Kila gari lake lilipopita sokoni, watu walinusa hewa wakaulizana nani anapika.

Kosa lake kubwa, hata hivyo, halikuwa jikoni. Rejeta ile ilikuwa imechomelewa mwaka uliotangulia na Baba Hadili, fundi wa rejeta kule juu mlimani Karak. Ilipoanza tena kupoteza maji, mtu muungwana angepanda mlima akamwambia fundi, "Ndugu yangu, hebu tazama." Baba Sakhri alikwenda mkahawani.

"Yule wa Karak kaniharibia gari," alisema, huku akichanganya karata. "Anachomelea kama mtu anayeziba birika la mkewe."

Watu walicheka, naye akarudia kila jioni, kwa kuwa kicheko humlevya asiyejizuia. Kumsema mtu kazi yake nyuma ya mgongo wake ni kumwibia, wala si wizi mdogo. Hakuna aliyemwambia hivyo. Walitaka kusikia lile la birika.

Kisha Sakhri akarudi kutoka chuoni akasema amempata msichana. Anaitwa Hadili. Baba yake ni fundi wa rejeta.

Baba Sakhri alitoka nje, akaitazama Marsedesi, akarudi.

"Wasichana wote wa chuo kile," akasema mwishowe, "ukamwona huyo tu?"

"Huyo tu, baba. Nikimkosa huyo, msinitafutie mwingine."

Basi ukaandaliwa ujumbe wa posa, wazee kumi na kitu pamoja na Sakhri katika magari manne, na Haji Mutlaki akawa msemaji wetu. Baba Sakhri alishikilia kwamba baba wa bwana harusi hawezi kupanda gari la watu. Marsedesi ikatangulia, Haji Mutlaki mbele, mimi na majoho yetu nyuma.

Barabara ya kutoka bondeni kwenda Karak hupanda bila huruma. Kabla hatujafika nusu, mshale wa joto ulikuwa umelalia kwenye nyekundu. Baba Sakhri akafungua hita mpaka mwisho, kama madereva wa malori wafanyavyo, ili moto wa injini umwagike ndani kwa abiria. Tulijikaza tusubiri kuokwa. Ikatoka hewa vuguvugu tu.

"Mashaallah," alisema Haji Mutlaki, akilegeza kilemba. "Hita ya gari lako ina adabu."

Baba Sakhri alikaza macho barabarani. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hita isiyotoa moto wakati injini inachemka si adabu, ni ugonjwa.

Tuliingia uani kwa Baba Hadili tukiwa ndani ya wingu la mvuke. Mwenyeji alitupokea vizuri, mtu mwembamba, mikono imebabuka kwa risasi ya kuchomelea. Alitukalisha, akamimina kahawa, akaweka kikombe mbele ya Haji Mutlaki. Haji, kama ada ilivyo, hakukigusa.

"Kahawa yenu hatuinywi, Baba Hadili, mpaka mtupe tulilolijia. Tunamtaka binti yenu Hadili kwa kijana wetu Sakhri."

Kwa kawaida mwenyeji hujibu papo hapo, "Kunyweni, mmeshapata." Baba Hadili alitazama kikombe, kisha akamtazama Baba Sakhri.

"Haji, wewe nakuheshimu. Lakini bwana huyu amenitangaza bonde zima kwamba kazi yangu ni ya kuziba mabirika. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomlea binti yangu na kumsomesha. Sasa kazi mbovu, binti mzuri? Tukalitazame hilo gari mbele ya watu wote. Nikiwa mimi ndiye mwenye kosa, nitasema. Akiwa yeye, atasema yeye. Kahawa ingoje."

Sakhri aligeuka mweupe kama bapa la jibini. Tukatoka.

Mzee mmoja alinyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Toa mkono, mjomba!" fundi akafoka. "Unataka kwenda harusini bila uso?"

Tulisubiri injini ipoe, wazee wamesimama juani na majoho yao. Gari lilipopoa, Baba Hadili alifungua kwa kitambaa. Maji yalikuwa yameshuka sana, na yaliyobaki yalikuwa uji wa manjano, mzito, wenye harufu ya mansafu, wali wetu wa nyama wa karamu.

"Nani anaoa leo, Sakhri au rejeta?" alisema. "Naona walima imeshapikwa."

Hata Haji Mutlaki alicheka. Fundi akaendelea bila haraka. Alichomoa kijiti cha oili akakitazama: oili safi, hakuna povu la maziwa. Akajaza maji, akawasha injini, akachungulia mdomo wa rejeta: hakuna mapovu. "Gasketi nzima, maji hayajaingia ndani ya injini. Mshukuru Mungu." Injini iliposhika moto, akapapasa rejeta kwa kiganja. Juu pana moto, katikati baridi. "Hapa maji hayapiti. Pameziba. Na hita je, njiani ilitoa moto?"

"Ilikuwa na adabu," Haji akasema kwa unyonge.

"Nayo imeziba."

Sote tukamgeukia Baba Sakhri. Hapo fundi angeweza kufunga boneti, na heshima yote ingekuwa yake. Badala yake alizima injini, akafunga kipampu cha mkono kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo, akachuchumaa. Tukachuchumaa naye. Kwenye pembe ya chini, juu ya mshono aliouchomelea yeye mwenyewe, tone likavimba, likadondoka.

Angeweza kulifuta kwa kidole. Mimi nilikuwa karibu, nilimwona akiliona.

"Hili ni langu," alisema kwa sauti ya kusikika uani kote. "Mshono wangu haukushika. Ungeniletea, ningelimaliza kabla chai haijachemka."

Baba Sakhri alisimama polepole, mgongo ukilia.

"Tone lako," alisema. "Mafuriko yangu. Nilijaza manjano makopo kwa makopo, halafu nikakutukana kwa kuchemka nilikokusababisha mwenyewe. Nisamehe, Baba Hadili."

"Hapa nimekusamehe. Mkahawani je?"

"Kule watanicheka."

"Mimi hawakunicheka?"

Baba Sakhri alimtazama mwanawe, aliyekuwa ameshika kioo cha gari kama mtu anayezama. "Nitakwenda," akasema.

"Kunyweni kahawa, Haji," alisema Baba Hadili. "Mmeshapata mlilolijia."

Vigelegele vya wanawake vilitangulia kabla Haji hajafika kitini.

Siku iliyofuata Baba Sakhri alisimama katikati ya wacheza karata akaeleza yote, manjano, hita na tone. Walimcheka mpaka mmoja akamwaga chai. Hakuketi mpaka wamalize.